Shanga, Maneno na Visanduku: Matriki katika Njia ya Misafara ya Tabora

Mwanzoni mwa mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikuwa Unguja akitayarisha msafara wa kwenda bara kumtafuta David Livingstone. Katika matayarisho hayo, miongoni mwa mambo yaliyomsumbua sana ni shanga. Wafanyabiashara aliowauliza walimfahamisha kwamba shanga si bidhaa moja. Unyamwezi zilipokelewa nyekundu, zilizoitwa samisami, hata pale ambapo aina nyingine zote zilikataliwa. Nyeusi zilikuwa sawa na fedha Ugogo, lakini kwingineko hazikuwa na thamani yoyote. Shanga za umbo la yai, zilizojulikana kwa jina la sungomaji, zilitakiwa Ujiji, na pia Uguha, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Nchi nyingine hazikuzitaka. Nyeupe zilifaa Ufipa na baadhi ya sehemu za Usagara na Ugogo, ilhali Useguha na Ukonongo zilidharauliwa. Baada ya hesabu nyingi Stanley alinunua magunia 22 ya shanga za aina 11.

Alichoelezwa Stanley, kwa istilahi ya leo, ni matriki. Upande mmoja zipo nchi, upande wa pili zipo aina za shanga, na penye makutano ya nchi na aina pana jibu la ndiyo au la, yaani moja au sufuri. Msafara uliofika mahali penye sufuri ukiwa na shanga zisizotakiwa haukupata mtama wala mbuzi, na watu walilala njaa. Mpango huo haukuandikwa popote kwa mistari. Ulikaa vichwani mwa wafanyabiashara wa Unguja na Bagamoyo, na vichwani mwa akina kirangozi wa Kinyamwezi waliokwenda na kurudi mara nyingi, nao walijua pia kuwa majibu hubadilika: rangi iliyopendwa mwaka huu huweza kukataliwa mwaka ujao.

Stanley mwenyewe aliyaandika maelezo hayo kwa nathari, sentensi baada ya sentensi. Msomaji akichukua karatasi na kuyapanga katika jedwali, mara moja huona jambo ambalo nathari ililificha. Visanduku vingi vimebaki vitupu. Kuhusu Ujiji tumeambiwa juu ya sungomaji. Juu ya samisami katika Ujiji hatukuambiwa kitu. Nathari hutiririka na kumridhisha msomaji; jedwali humwonyesha pale ambapo mwandishi hakusema neno. Hiyo ni faida kubwa ya kwanza ya mpangilio huu. Hasara yake ni kinyume cha hapo: mtu anayetazama kisanduku kitupu hushawishika kukijaza, na kikishajazwa, hakuna awezaye kutambua kwa macho kama kilichomo ni elimu au ni kubahatisha. Historia ya majedwali ya maneno yaliyokusanywa katika njia ya Tabora ina mambo hayo mawili kwa pamoja, na kwa wanafunzi wa Kiswahili hasara imekuwa na uzito kuliko inavyodhaniwa.

Jina na umri wa matriki

Neno matriki lilianza kutumika katika hisabati mwaka 1850, lilipoletwa na Mwingereza James Joseph Sylvester. Alilitoa katika Kilatini, ambamo lina maana ya tumbo la uzazi, kwa kuwa kutokana na mpangilio mmoja wa namba katika safu na nguzo aliona zinaweza kuzaliwa hesabu nyingine nyingi. Rafiki yake Arthur Cayley alichapisha mwaka 1858 maandishi yaliyoonyesha kwamba mipangilio hiyo yaweza kujumlishwa na kuzidishwa kana kwamba kila mmoja ni namba moja. Katika mhadhara huu safu ni mistari inayolala, nguzo ni ile inayosimama, na makutano yake yanaitwa visanduku.

Miaka hiyo miwili ina mambo yake pia katika Afrika ya Mashariki, ingawa hapana uhusiano wowote wa makusudi. Mwaka 1850 mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa na kituo Rabai karibu na Mombasa, alichapisha huko Tübingen msamiati wa lugha sita: Kiswahili, Kinyika, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kigalla, ambayo leo huitwa Kioromo. Mwaka 1858, Cayley alipokuwa akichapisha maandishi yake, Richard Burton alikuwa Kazeh, mahali ambapo leo ni sehemu ya Tabora, akikusanya maneno. Wanahisabati wa London na wakusanyaji wa maneno wa Rabai na Kazeh hawakuwa wakifanya kazi moja. Hata hivyo walitumia umbo lilelile, na umbo hilo lina masharti yake bila kujali limejazwa namba au maneno.

Wala umbo hilo halikuwa geni kwa wenyeji. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, jumla mashimo 32, na kete 64. Mchezaji hodari huisoma hali ya mchezo kwa kutazama safu na nguzo kwa pamoja, na hujua kwamba kete moja ikihama, maana ya mashimo mengine yote hubadilika. Wapangaji wa majedwali ya lugha hawakuwa na kawaida ya kufikiri hivyo.

Kazeh, 1857 na 1858

Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 na kufika Kazeh tarehe 7 Novemba mwaka huo, baada ya miezi minne na zaidi ya safari. Mwenyeji wao alikuwa Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiarabu aliyezijua vizuri nchi za bara na lugha zake. Baada ya kwenda Ujiji na kurudi, Burton alibaki Kazeh katika Julai na Agosti 1858 huku Speke akienda kaskazini, safari iliyomfikisha kwenye ziwa la Nyanza. Mara nyingi wanahistoria huzisimulia wiki hizo kwa upande wa Speke, kwa kuwa ziwa ni kubwa na ugomvi uliofuata ulikuwa mkubwa zaidi. Kwa historia ya lugha, aliyebaki ndiye mwenye habari nyingi. Kwa msaada wa Snay, Burton alikusanya yapata maneno 1,500 katika lugha kuu tatu za njia ile: Kiswahili, Kizaramo pamoja na Kikutu, na Kinyamwezi. Nia ilikuwa kuwasaidia wasafiri wajao na kuwapa wataalamu wa Ulaya data ya kulinganisha.

Ni vema kufikiria jinsi neno moja lilivyoingia katika kisanduku chake. Muulizaji aliwaza kwa Kiingereza. Kwa Snay aliuliza kwa Kiarabu. Kwa wengine maswali yalipita kwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni akauzwa, akaishi India, na ambaye Speke aliweza kuzungumza naye kwa Kihindustani tu. Bombay aliligeuza swali kuwa Kiswahili, na Mnyamwezi aliyeulizwa akajibu kwa kadiri alivyokielewa Kiswahili hicho. Jibu likarudi kwa njia ileile, likaandikwa kwa herufi za Kilatini na mtu aliyesikiliza kwa sikio la Kiingereza na Kiarabu. Jedwali halionyeshi hata hatua moja ya hizo. Linaonyesha neno upande wa kulia na maana upande wa kushoto, kana kwamba yalikutana yenyewe.

Katika kitabu chake cha 1860 Burton anasimulia kwa kejeli jinsi ilivyokuwa taabu kumuuliza mtu wa bara namba za lugha yake. Mkalimani alihesabu kwa vidole moja mpaka tano kwa lugha ya pwani, akataka kusikia hesabu hiyo kwa lugha ya mwenzake. Yule bwana kwanza alidhani anaulizwa juu ya vidole. Aliposahihishwa, naye akauliza: moja, mbili, tatu za nini, kondoo, mbuzi au wanawake? Burton aliyaandika hayo kuwa ni mfano wa uzito wa akili za washenzi, na vizazi vya wasomaji wa Ulaya vilicheka pamoja naye.

Aliyestahili kuchekwa si yule mjibu swali. Katika Kinyamwezi, kama ilivyo katika Kiswahili na Kizaramo, namba za chini hupatana na ngeli ya kinachohesabiwa. Kwa Kiswahili husemwa watu wawili, vitu viwili, miti miwili, nyumba mbili. Mzizi ni mmoja, lakini neno kamili haliwezi kutamkwa kabla ya kujua kinachohesabiwa ni nini. Hata mbili ya kuhesabia vidole, ambayo mkalimani aliiona kuwa ni namba tupu, ina kiambishi cha ngeli ya nyumba na ngoma ndani yake. Kwa hiyo swali la nini kinahesabiwa lilikuwa swali la kisarufi, na lilikuwa sahihi. Burton alikuwa na nguzo moja ya kujaza, ilhali mwenzake alikuwa na jedwali zima: mizizi ya namba upande mmoja, ngeli upande wa pili, na umbo kamili katika kila makutano. Mwaka 1862 Wilhelm Bleek, akiwa Cape Town, alianza kuchapisha sarufi linganishi iliyozipa ngeli za lugha hizi namba na kuzipanga katika utaratibu wa aina hiyo. Mtu wa njia ya Tabora hakuhitaji kuchapishiwa.

Sita, saba na tisa

Namba hizohizo zinafaa kuonyesha jinsi uchaguzi wa safu unavyoweza kubadili historia nzima. Hapa chini yamepangwa maneno ya Kiunguja na ya Kinyamwezi, kwa tahajia nyepesi isiyo na alama za toni. Katika nguzo ya mwisho, 1 ina maana kwamba maneno mawili yana asili moja, na 0 kwamba hayana.

| Maana | Kiunguja | Kinyamwezi | Alama |
|---|---|---|---|
| 1 | -moja | -mo | 1 |
| 2 | -wili | -bili | 1 |
| 3 | -tatu | -datu | 1 |
| 4 | -nne | -ne | 1 |
| 5 | -tano | -taano | 1 |
| 6 | sita | mtandatu | 0 |
| 7 | saba | mpungati | 0 |
| 8 | -nane | mnane | 1 |
| 9 | tisa | kenda | 0 |
| 10 | kumi | ikumi | 1 |

Anayehesabu safu tano za kwanza atapata mfanano wa asilimia 100. Anayehesabu tano za mwisho atapata asilimia 40. Anayechukua zote kumi atapata 70. Hizo zote ni hesabu sahihi, na kila moja ikisomwa peke yake inasimulia historia tofauti: watu wa nyumba moja, au majirani wa mbali, au kitu kilicho kati ya hayo.

Kilicholeta sufuri tatu kinajulikana. Sita, saba na tisa ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu. Hayakupachikwa mahali patupu, kwani Kiswahili kilikuwa na maneno yake: tandatu, fungate na kenda. Kenda bado linasikika, na limo katika jina la Mijikenda, watu wa miji tisa. Fungate halikufa pia. Liliacha hesabu likahamia arusini, na leo ni jina la siku saba za mapumziko ya bibi na bwana arusi. Wanaolitumia kwa safari ya siku tatu au ya mwezi mzima hawaoni kosa lolote. Wagiriama husema fungahe kwa saba, Wangazija mfukare, Wanyamwezi mpungati. Neno ni lilelile. Mtu akiyarudisha maneno hayo matatu katika nguzo ya Kiswahili, alama za namba zote kumi huwa moja, na mfanano hupanda kutoka 70 hadi 100 bila mtu yeyote kuhama mahali alipo.

Kasoro hapa haiko katika hesabu. Iko katika sharti la umbo lenyewe, kwamba kila kisanduku kina neno moja na kila safu ina maana moja. Neno likihama maana, jedwali hulipoteza. Fungate lipo katika lugha, limo katika kamusi, hutamkwa kila Jumamosi mijini na vijijini, lakini katika safu ya saba halionekani, kwa sababu haliitwi tena saba. Mkusanyaji aliyefika na orodha yake ya maana alipata jibu la kweli kwa kila swali aliloliuliza, akaondoka.

Safu zinazochaguliwa na zinazoachwa

Katika miaka ya 1950 Morris Swadesh wa Marekani alipendekeza kwamba lugha zilinganishwe kwa orodha fupi ya maana za msingi, kwanza mia mbili na kitu, kisha 100, kwa madai kwamba maneno ya msingi kama jicho, maji, moto na mwezi hayakopwi kwa urahisi. Katika orodha ndefu zimo namba moja mpaka tano. Katika orodha ya 100 zimo moja na mbili tu. Sita, saba na tisa ziliachwa nje. Kwa kusudi la Swadesh, ambalo lilikuwa kutafuta undugu wa zamani, hilo lilikuwa jambo la busara. Kwa anayetaka kujua njia ya Tabora ilikifanyia nini Kiswahili, na Kiswahili kiliifanyia nini, ni sawa na kuchuja maji kisha kuwatafuta samaki katika maji yaliyochujwa.

Kwani vilivyosafiri katika njia ile havikuwa jicho na moto. Mwenye kutaka mifano ya maneno yaliyotoka bara kuja pwani aanze na mtemi na rugaruga, ambayo wasomaji wa Kiswahili huyakuta katika kila kitabu kinachomtaja Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, au Isike wa Unyanyembe, aliyekufa akipambana na Wajerumani mwaka 1893. Hayo hayamo katika orodha yoyote ya msingi na hayakutakiwa kuwamo. Matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya alama za mawasiliano iliondolewa kabla ya kazi kuanza, kisha jedwali likasomwa kana kwamba mawasiliano hayakuwa na uzito.

Kazi kubwa ya aina hii nchini Tanzania ilifanywa katika miaka ya 1970, ambapo orodha za maneno kama elfu moja zilijazwa kwa lugha nyingi za Kibantu za nchi. Derek Nurse na Gérard Philippson walizitumia katika uchunguzi wa takwimu za msamiati uliotoka mwaka 1980 katika kitabu cha Language in Tanzania, kilichohaririwa na Edgar Polomé na C. P. Hill. Hapo matriki ya pili inazaliwa kutokana na ya kwanza, jambo ambalo bila shaka lingemfurahisha Sylvester. Matriki ya kwanza ina maana katika safu na lugha katika nguzo. Ya pili ina lugha pande zote mbili, na kila kisanduku kina asilimia ya maneno yenye asili moja kati ya lugha mbili. Mshazari wake wote ni 100, kwa kuwa kila lugha inafanana na nafsi yake, na nusu ya juu ni kivuli cha nusu ya chini. Kwa lugha nane za njia ya misafara, mathalani Kiswahili, Kizaramo, Kikutu, Kisagara, Kigogo, Kikimbu, Kinyamwezi na Kiha, yatakiwa malinganisho 28.

Uchunguzi huo ulileta manufaa ambayo hayapaswi kubezwa. Uliwapa wanahistoria picha ya lugha zote za Kibantu za nchi kwa kipimo kimoja, na makundi yaliyojitokeza, likiwamo la Kisukuma, Kinyamwezi na jirani zao, yaliweza kujadiliwa kwa hoja badala ya hisia. Tatizo liko katika asilimia yenyewe, ambayo ni namba isiyo na kumbukumbu. Kizaramo na Kiswahili zikipata alama ya juu, kisanduku hakisemi ni kiasi gani kimerithiwa, kiasi gani Wazaramo walikopa kwa karne nyingi za kuishi na watu wa Mrima, na kiasi gani kiliingia baada ya shule na redio. Ndiyo maana Nurse na Thomas Hinnebusch, walipoandika historia ya Kiswahili na lugha za Sabaki iliyotoka mwaka 1993, hawakutosheka na asilimia. Walifuatilia mabadiliko ya sauti na kuyatenga matabaka ya mikopo moja baada ya jingine. Kazi hiyo ni ngumu na inachosha msomaji, lakini hapana njia ya mkato.

Majina juu ya nguzo

Imebaki sehemu ya jedwali ambayo huchunguzwa kidogo kuliko zote, nayo ni majina yaliyoandikwa juu ya nguzo. Kila nguzo ina jina la lugha, na jina hilo huchukuliwa kuwa limekuwapo tangu zamani. Katika nchi ya Tabora sivyo. Sukuma ni neno la Kinyamwezi la kaskazini, kama dakama lilivyo la kusini. Msukuma alikuwa mtu wa upande wa kaskazini wa yule aliyesema. Jina Wanyamwezi nalo, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, lilitolewa na watu wa pwani kwa wageni waliotoka magharibi, upande ambako mwezi mwandamo huonekana. Lilikuwa jina la mpagazi aliyefika Bagamoyo. Nyumbani kwake alikuwa mtu wa Unyanyembe, au wa Ugunda, au wa mtemi fulani. Barabara ndiyo iliyompa jina, kisha jina likapewa nguzo, kisha mpaka ukachorwa kati ya nguzo ya Kinyamwezi na ya Kisukuma ilhali wasemaji hupokezana usemi kijiji kwa kijiji bila kuona mpaka. Clement Maganga na Thilo Schadeberg, katika kitabu chao cha Kinyamwezi cha mwaka 1992, walieleza kwa utaratibu lugha iliyokuwa imesubiri zaidi ya karne moja tangu Edward Steere wa Unguja alipokusanya maelezo ya Kinyamwezi cha Unyanyembe.

Nguzo ya Kiswahili ina tatizo lake. Tangu Steere alipochapisha mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, na hasa baada ya Kiunguja kuchaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji na Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930, nguzo hiyo imejazwa Unguja. Hivyo jedwali linapolinganisha Kiswahili na Kinyamwezi, linalinganisha kisiwa na nchi iliyo zaidi ya kilomita 800 kutoka pwani. Watu waliozipitisha lugha hizo mbili mdomoni mwao kila siku hawamo. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006 juu ya wapagazi, ameonyesha jinsi utamaduni wa misafara ulivyojengwa kwa sehemu kubwa na Wanyamwezi wenyewe. Hoja hiyo ikikubaliwa, na ushahidi wake ni mzito, haitoshi tena kusema kwamba Kiswahili kililetwa bara na Waarabu na watu wa pwani. Makumi ya maelfu ya wapagazi waliokwenda na kurudi walikuwa wakikibeba, wakikitumia kambini kati ya lugha nyingi, na wakikipa sura. Jedwali lenye nguzo mbili tu huwafanya wapokeaji.

Serikali za kikoloni zilirudia kosa hilo kwa watu badala ya maneno. Majedwali ya sensa yalipanga makabila katika safu na wilaya katika nguzo, na kila mtu akapewa kisanduku kimoja. Tabora, mji uliokusanya Wanyamwezi, Wamanyema kutoka ng'ambo ya Tanganyika, Waarabu, watu wa pwani na wajukuu wa watumwa walioachiliwa, haukuingia vizuri katika mpango huo. Mtoto wa baba Mmanyema na mama Mnyamwezi, ambaye lugha ya nyumbani kwao ni Kiswahili, alihesabiwa mahali fulani, na alama yake haionyeshi mashaka ya karani. Sensa ya 1967 ilikuwa ya mwisho nchini kuuliza kabila, na uamuzi wa kuliacha swali hilo ulikuwa na sababu zake nzuri za kisiasa.

Kwa nguzo za lugha, mpango unaotumika zaidi umebaki kuwa wa Malcolm Guthrie, uliochapishwa mwaka 1948, ambao unazigawa lugha za Kibantu kwa herufi na namba. Msafara uliotoka pwani kwenda Ujiji ulipita G33, yaani Kizaramo, kisha G37, Kikutu, kisha G39, Kisagara, na G11, Kigogo. Ukaingia F24, Kikimbu, na F22, Kinyamwezi. Ukamaliza katika D66, Kiha. Kanda tatu zilipitwa kwa miguu, na lugha iliyotumika toka mwanzo wa safari hadi mwisho imewekwa G42, pwani. Ndani ya G42 Guthrie alitenga nafasi za Kiamu, Kimvita, Kimrima na Kiunguja. Jouni Maho, katika orodha aliyoitengeneza upya mwaka 2009, aliongeza alama kwa aina nyingine za Kiswahili, zikiwamo Sheng ya Nairobi na Kingwana cha Kongo. Kingwana kilifika Kongo pamoja na watu wa Tippu Tip, waliopita Tabora, mji ambamo baba yake Tippu Tip alikuwa ameoa katika nyumba ya mtemi Fundikira. Kimrima, ulikoanzia msafara, kina alama yake, na Kingwana, kilichozaliwa mbele ya njia hiyo, kina yake. Kiswahili cha Tabora hakina.